Mega ni zetu: watuulize kwanza

Ndugu wachimbaji wa Masisi na Walikale, na ninyi mama na watoto munaongojea simu ya jioni ku Goma, ku Sake, ku Mubi na pote familia zetu zilipotawanyika: leo hatuandiki juu ya bei ya koltani. Hatuandiki juu ya mizani, wala juu ya makaratasi ya koperative. Leo tunaandika juu ya simu.

Tunajua wengine watacheka. "Sendika imekosa kazi? Watu wanakufa mu mashimo, wao wanalia juu ya aplikasio!" Tunawaomba wasome mpaka mwisho, halafu wacheke kama bado wana nguvu ya kucheka.

Siku moja ya posho, jioni, mwenzetu mumoja alitoka mu shimo akiwa na udongo mpaka mu masikio. Mutoto wake alikuwa na homa siku tatu. Muke alikuwa anangoja neno moja tu: tumupeleke hospitali kubwa, ao tungoje kwanza dawa ya senta? Mwenzetu akanunua forfe ya franka 2.000, akapanda kile kilima ambapo rezo inafikaka, akafungua aplikasio ya kupigia kwa intaneti. Pahali pa kuona sura ya muke wake, akaona maandishi: programu hii imezeeka, fanya mise à jour ndipo uendelee. Chini yake kulikuwa kifungo kimoja. Hakukuwa kifungo cha kusema "hapana", wala cha kusema "kesho".

Akafinya. Mega zikaanza kushuka kama maji mu ndoo yenye tundu. Kazi ilipofika katikati, forfe ikakwisha. Programu ya zamani ilikuwa imekataa kufanya kazi, na ile mupya haikuwa imeingia. Batri nayo ilikuwa karibu kuzima. Akashuka kilima bila kusema hata "halo". Muke wake akakata shauri peke yake usiku ule, akakopa feza kwa jirani, akamupeleka mutoto. Mutoto alipona, aksanti kwa Mungu. Lakini deni lilibaki, na pia yale maneno: "Wewe ulikuwa wapi?"

Hatutaji jina la aplikasio ile, juu tabia hii iko kwa nyingi. Kilichotuuma ni neno mwenzetu alilosema kisha: "Hawakuniiba. Mimi mwenyewe njo nilifinya."

Hapo njo tunakataa. Sisi wachimbaji tunajua namna hii ya "kukubali". Mununuzi ni mumoja, usiku unaingia, muko na njaa, mizani yake inapunguza kilo, na wewe unaweka kidole ku karatasi. Kesho yake wanakuonyesha kidole chako: angalia, ulikubali. Mutu aliyepewa kifungo kimoja tu hakukubali. Amefungiwa njia zote, halafu wakaita ile njia moja iliyobaki "uhuru wake".

Tuseme kwanza ukweli wote, ili tusidanganye watu wetu. Mise à jour si kitu kibaya chenyewe. Programu ni kama shimo: mbao zinaoza, lazima kuzibadilisha mbele udongo ushuke. Mu mwezi wa tano 2019, WhatsApp ilitangaza kwamba kulikuwa na tundu mu simu zake za sauti. Kampuni ya Israeli inayoitwa NSO Group ilikuwa na programu ya upelelezi, jina lake Pegasus, na ile ilikuwa inaingia mu simu ya mutu kwa kumupigia tu, hata kama hakupokea. WhatsApp ilisema watu karibu 1.400 walilengwa, na kati yao walikuwa waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Dawa ya tundu lile ilikuwa nini? Ilikuwa mise à jour. Anayeishi mu eneo la vita kama letu asisahau hilo. Kwa hiyo hatumuambii mutu yeyote: kataa zote.

Shida yetu ni kwamba wanatupatia furushi moja lililofungwa, na ndani yake kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni matengenezo, kama yale ya 2019. Hayo tunayataka.

Cha pili ni mapambo. Leo kifungo cha simu kiko juu, kesho kiko chini. Mu mwaka wa 2025 watu wengi wa dunia waliona mu WhatsApp yao duara mupya, ya ile mashine ya kujibu maswali inayoitwa Meta AI. Hawakuiomba, na walipotafuta namna ya kuiondoa, hawakuiona. Kwa mutu wa ofisi hilo ni jambo dogo. Lakini tuko na mama wengi ambao hawasomi sana. Wanajua simu kwa macho na kwa kidole: picha ya kijani, kisha kale kasura, kisha kale kasimu. Ukihamisha kifungo, umehamisha mulango wa nyumba yake usiku akiwa amelala. Asubuhi anapiga kichwa ku ukuta, na watoto wanamucheka kwamba amezeeka.

Cha tatu ni sheria. Mwezi wa kwanza 2021, WhatsApp iliambia watu wakubali sheria mupya juu ya habari zao mbele ya tarehe 8 mwezi wa pili. Maandishi yalikuwa marefu, na mu Masisi ni wangapi waliyasoma? Tulifinya, juu tulitaka kuongea na watu wetu.

Vitu vitatu, kifungo kimoja. Ukitaka mbao za shimo, ukubali pia rangi ya ukuta na mukataba mupya wa kazi. Na mega za kubeba furushi lote ni zako.

Halafu iko swali la simu nzee. Kila miaka kazaa, WhatsApp inaacha simu fulani nyuma. Mu mwaka wa 2020 iliacha zile za Android 2.3.7. Mwezi wa kumi na moja 2021 ikaacha zile zisizofika Android 4.1. Mwezi wa kumi 2023 ikadai Android 5 kwenda juu. Hata zile simu ndogo za vifungo zenye KaiOS, zilizouzwa kwa masikini zikisifiwa kwamba ziko na WhatsApp, ziliachwa pia. Mwenye kampuni anasema: simu ile ina miaka kumi, ni nzee. Ni kweli kule kwao. Huku kwetu simu haifuati umri wake. Inatoka kwa mutu wa Goma, inaenda kwa shemeji yake wa Masisi, inaingia mu mukono wa muchimbaji ikiwa imepasuka kioo, na kwake ni mupya kabisa. Ameilipa kwa jasho la miezi miwili. Siku aplikasio inakataa, sauti iko, kioo kinawaka, betri inakaa. Kilichokufa ni ruhusa tu.

Sasa mutu mumoja wa kwetu alitujibu jambo lenye akili, na tunaliandika hapa juu wengi wanaliwaza. Alisema: "Ninyi wa sendika munalia juu ya nini? Simu zikikufa haraka, Wazungu na Wachina watanunua zingine. Wakinunua zingine, watahitaji koltani. Bei itapanda. Hiyo mise à jour njo inatulisha!"

Ni kweli kwamba tumo ndani ya kila simu. Koltani ya Rubaya inatoa tantali, na tantali inawekwa mu vile vipande vidogo vinavyoshika umeme ndani ya simu na kuutoa. Kasiterite ya Walikale inatoa etani, na etani njo inaunganisha vipande vyote ku kibao chake. Inahesabiwa kwamba mashimo ya Rubaya peke yake yanatoa karibu 15% ya koltani ya dunia. Hakuna mutu anayepiga simu ya intaneti, hata ku Paris, hata ku Tokyo, bila kitu kinachofanana na kile tunachobeba ku mugongo.

Lakini wazee wetu wanakumbuka mwaka wa 2000. Dunia ilitaka mashine mingi mara moja, bei ya koltani ikapanda kama mutu mwenye wazimu, watu wakaacha mashamba na ng'ombe, walimu wakaacha darasa. Mwaka wa 2001 bei ikaanguka. Nani alibaki na feza? Waliokuwa na silaha na waliokuwa na ndege. Muchimbaji alibaki na koleo na deni. Haraka ya kule haijawahi kuwa mushahara wa huku. Simu ikikufa Ulaya, sisi tunapata labda bei ya juu miezi kazaa. Simu ikikufa kwetu, tunapoteza sauti ya familia siku ile ile.

Na sauti ile, tangu mwaka wa 2025 ulipoanza, njo barabara yetu. Goma ilianguka mu mwisho wa mwezi wa kwanza, uwanja wa ndege ukafungwa, mabanki yakafunga milango. Mwezi wa tatu vita ikafika Walikale-centre, na mugodi mukubwa wa Bisie ukasimamisha kazi, ukaanza tena mwezi uliofuata. Wiki zile, nani alikuwa anajua watoto wako wako upande gani? Ni simu. Nani alikuambia usipite njia fulani, pita ingine? Ni simu. Feza ya chakula ilipita wapi? Mu simu. Mvua ikinyesha usiku na kilima kikaanza kulia, ni simu inayoambia ekipe ya asubuhi: musishuke leo. Kwa hiyo aliye mbali anapozima simu hii kwa dakika tano ili kuipamba, ajue amefunga barabara, na barabara ile haina ya pili.

Jambo hili la kubadilishiwa bila kuulizwa, sisi hatukulijifunza ku simu. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilitoa sheria yenye kifungu juu ya madini ya Kongo, ile tunaitaka "loi Obama". Nia yake ilikuwa nzuri: feza ya madini isinunue silaha. Mwezi wa tisa mwaka ule ule, Prezidenti Kabila akasimamisha uchimbaji mu Kivu zote mbili na Maniema, na kazi haikufunguliwa mpaka mwezi wa tatu 2011. Waliofanya sheria walitaka kutengeneza, hatukatai. Lakini hakuna aliyepanda Bisie kuuliza: mutoto wako atakula nini kesho? Walitutengeneza sisi tukiwa ndani, kama mutu anayebadilisha mbao za shimo bila kuambia watu watoke.

Basi, tufanye nini? Kulia peke yake hakutoshi. Lakini kupiga kelele pamoja kunafanyaka kazi kuliko wakubwa wanavyotaka tujue. Tutoe mifano mitatu.

Wa kwanza ni Skype. Wenye miaka kama yetu wanakumbuka, mu sibakafe za Goma, tukivaa kaske ku masikio na kuongea na ndugu wa Bruxelles, sauti ikikatika katika. Skype ilianza 2003, na Microsoft ikainunua mwaka wa 2011. Mu 2018 Microsoft ilisema programu ya zamani, ile watu walioizoea, itakufa tarehe 1 mwezi wa tisa, lazima wote waende ku ile mupya. Watumiaji wakakasirika, wakaandika, wakagomba. Microsoft ikarudi nyuma, ikaongeza muda mpaka mwezi wa kumi na moja. Walipata miezi miwili tu. Na tarehe 5 mwezi wa tano 2025, Skype yenyewe ikafungwa. Fundisho: kelele ndogo inapata muda mudogo.

Wa pili ni zile sheria za WhatsApp za 2021. Watu wa dunia nzima walianza kuhamia ku Signal na Telegram. Kampuni ikaogopa, ikasogeza tarehe kutoka mwezi wa pili mpaka tarehe 15 mwezi wa tano, kisha ikasema haitazima simu ya mutu ambaye hajakubali. Fundisho: wanasikia mutu anayeweza kuondoka.

Wa tatu ni wetu wenyewe, na ni muzuri zaidi. Mukumbuke RAM. Tangu mwezi wa tisa 2020, tulikuwa tunaweka inite, tunasikia zimepungua bila kupiga hata moja. Ilikuwa dola 1 kwa mwaka ku simu ndogo ya 2G, na dola 7 ku simu ya 3G kwenda juu, inakatwa kidogo kidogo bila kubisha mulango. Wakongomani walikataa: wanafunzi, mama wa soko, vijana wa LUCHA mu barabara, wabunge mu Kinshasa. Na mwaka wa 2022 serkali iliondoa RAM. Waliotuambia kwamba "mambo ya simu ni ya wakubwa" walinyamaza. Fundisho: inite ilikuwa kidogo kwa kila mutu, lakini tulikuwa wengi, na tulijua kwamba tunakatwa.

Kwa hiyo, kwa jina la wale wanaopanda kilima jioni kutafuta rezo, sisi tunaomba mambo mane.

Moja: kila mise à jour iwe na kifungo cha "kesho", na kesho hiyo iheshimiwe. Kama tundu ni la hatari, waseme wazi: hili ni la hatari. Tutawasikia.

Mbili: watenge matengenezo na mapambo. Anayetaka mbao tu apewe mbao.

Tatu: kampuni za simu za nchi yetu zisihesabu mega za mise à jour ya lazima ku forfe ya masikini. Mwenye kulazimisha safari njo analipa tiketi. ARPTC, ambayo inasimamia kampuni hizo, iko na nguvu ya kuwaketisha pamoja na kuwauliza.

Ine: waeleze mu Swahili, kwa maneno mafupi, kitu gani kinabadilika. Wanaweza kuandika matangazo mu Swahili wakitaka kutuuzia kitu; wanaweza pia wakitaka kutubadilishia.

Wakati tunangoja, tusikae kama wasio na mikono. Ku simu ya Android, fungua Play Store, finya picha yako kule juu, ingia mu "Paramètres", kisha "Préférences réseau", tafuta pahali pa mise à jour automatique, na uchague isifanye peke yake. Kisha mara moja kwa mwezi, siku ya soko, peleka simu pahali penye Wi-Fi, fanya mise à jour zote kwa mara moja, mbele usiku wa shida haujafika. Delege wa kila ekipe anaweza kukusanya simu za wenzake na kuwafanyia, kama tunavyokusanya sabuni na chumvi. Mu WhatsApp, ndani ya "Stockage et données", kuna kifungo cha kutumia mega kidogo wakati wa kupiga. Kiwashe, na uzime kupakua picha peke yake.

Msikubali programu za kugeuzwa ambazo watu wanapitishana kwa Bluetooth, wakisema "hii haidai mise à jour". Kama haijulikani nani ameifanya, haijulikani nani anasikiliza.

Mwisho, na hili ni la bure: mama, andika namba tano ku karatasi, ibandike ndani ya mulango. Na wewe muchimbaji, acha kila mara inite kidogo za simu ya kawaida, zile zisizopita mu intaneti. Programu inaweza kukataa, lakini namba haiombi ruhusa ya mutu.

Mwenzetu wa kile kilima sasa anafanya hivyo. Siku ya posho anapanda akiwa na simu yake ile ile yenye kioo kimepasuka, na karatasi mu mufuko. Muke wake anapokea. Wanaongea dakika tatu: mutoto, deni, mvua. Haki yao ya kuongea dakika hizo tatu si zawadi ya kampuni. Tuliichimba sisi wenyewe, kabla simu ile haijapata jina.